Dalali Haruhusiwi, na Watu wa Mlola Wasubiri

Jumamosi iliyopita tulimzika Shangazi. Usinipe pole. Shangazi alikuwa kompyuta, ile ya kisanduku ya shule yetu ya zamani hapa Lushoto, na alipewa jina hilo kwa kuwa alikuwa mzito, mwenye kelele, na hakukubali kuamka mpaka abembelezwe. Mwalimu Hoza, aliyetufundisha kompyuta, ndiye aliyetutumia ujumbe: "Shangazi hawaki tena. Njooni mmuage kabla fundi hajaja kumchambua vipuri." Tukaja wote watatu. Zaina alileta kanga ya kumfunika. Athumani alishuka kutoka kwao Mlola, kijiji cha jirani, na mfuko wa plamsi, akazila mwenyewe huku akitikisa kichwa kwa majonzi. Mimi nikatoa hotuba, maana mimi ndiye Rehema, niitwaye Spika tangu kidato cha kwanza, na sijawahi kuona kundi la watu waliokaa kimya nikawaacha hivyo hivyo. Nikasema marehemu ameacha mtoto mmoja aitwaye Tenga, na kwamba mtoto huyo leo yuko kwenye simu za watu wasiojua kuwa mama yake alikuwa akizimika kila walimu walipochomeka birika la chai. Mwalimu Hoza alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Nikaona heri nikae chini.

Sasa niko kidato cha sita, umri ambao mtu anaruhusiwa kusema "enzi zetu". Enzi zetu, basi, ni mwaka ule wa kidato cha tatu. Habari za ukoo wangu naziruka. Wenyewe wanazijua, na wewe hazitakusaidia. Ninachokumbuka vizuri ni chumba. Chumba cha kompyuta kilikuwa stoo ya viazi kabla ya kupandishwa cheo, na harufu ya viazi ilikataa kuhama. Ukungu uliingia bila kubisha hodi, tukawa tunaandika huku tumevaa makoti kama walinzi. Dirisha moja lilitazama jikoni. Kupitia dirisha hilo tulipata mvuke wa makande, moshi, na mazungumzo ya watu wazima, vitu vitatu ambavyo mwanafunzi hatakiwi kupewa kwa wingi. Humo ndimo tulipomsikia mpishi mkuu, Bi Mwantumu, akigombana na dalali aliyeletea shule viazi. Tulimwita Baba Kanta, kwa sababu ya lori lake la aina ya Kanta, alilolipenda kuliko afya yake.

"Baba Kanta, hili gunia mbona limekonda hivi?"

"Gunia ni gunia, mama."

"Kule shambani ulilichukua na kichwa juu kimeshonewa kama kilemba cha shehe. Kichwa kimekwenda wapi?"

"Barabara mbaya, mama. Viazi vinashuka njiani."

"Vinashuka kwenda wapi? Vina miguu?"

Mimi nilicheka hadi nikagonga kibodi. Zaina hakucheka. Mama yake alikuwa mkulima wa viazi na karoti bondeni, na gunia lile lenye kichwa, lumbesa, alikuwa akilijaza yeye. Likinunuliwa, lumbesa ni gunia moja. Likiuzwa, kichwa kinakatwa na kuwa mali ya dalali. Kila mtu huku milimani anajua, na kila mtu hukasirika, kisha hujaza, kwa sababu karoti haisubiri upate haki yako, inaoza. Zaina akageuka kwenye kiti chake, akasema, "Tuandike kitu kinachojua kilo za kweli." Huo ndio mwanzo wa Tenga.

Tenga ilikuwa maktaba. Simaanishi chumba cha vitabu. Kwa waandishi wa programu, maktaba ni kifurushi cha msimbo, yaani maagizo ya kompyuta yaliyokwisha andikwa. Mwenzako haandiki upya, anakichomeka tu kwenye programu yake na kuendelea na safari. Kifurushi chetu kilijua vipimo vya gulio: tenga la nyanya, kisado cha maharage, debe, fungu, na bila shaka lumbesa. Ukikiuliza, kinakupa kilo. Zaina aliandika sehemu ya magunia, akipima kwa mizani ya jikoni kwa hisani ya Bi Mwantumu. Athumani, mtoto wa Mlola aliyesoma nasi, aliandika visado, kwa sababu kisado cha Mlola na cha Lushoto mjini ni ndugu wasiofanana. Mimi niliandika maelezo ya matumizi, vichekesho, na sehemu ya mafungu, ambayo ni vichekesho pia, maana fungu la nyanya linategemea muuzaji ameamkaje.

Mwalimu Hoza akatuambia msimbo ukiwekwa kwenye intaneti bila leseni, mtu mwenye adabu hawezi kuugusa, hata kama umeuacha wazi. Nikauliza leseni ni nini hasa. Akajibu, akiwa na haraka ya kwenda kusahihisha mitihani, "Ni ruhusa ya mwenye kitu, pamoja na masharti yake." Mwalimu mwenye uzoefu asingeniachia neno "masharti" na kuondoka. Tukaketi watatu mbele ya Shangazi, tukaandika leseni yetu kwa Kiswahili safi. Sharti la kwanza lilikuwa langu: watu wa Mlola wasubiri, hawataruhusiwa kutumia Tenga mpaka wakiri kwamba lile goli lilikuwa halali. Sharti la pili alilidai Athumani kwa hasira: mwandishi wa sharti la kwanza asitumie sehemu ya visado. Sharti la tatu liliandikwa na Zaina, bila kutabasamu: dalali wa lumbesa haruhusiwi.

Lazima nieleze goli. Uwanja wetu umekaa ukingoni mwa mlima, na upande mmoja, mpira ukitoka, huishia kwenye kabeji za watu. Siku tulipocheza na vijana wa Mlola, ukungu ulishuka kipindi cha pili mpaka wachezaji wakawa sauti tu. Mimi nilikuwa na kipaza sauti cha mkononi, nikitangaza. Mpira ulipiga wavu. Huo niliuona kwa macho yangu. Watu wa Mlola wanasema ulikuwa umetoka nje na kurushwa tena ndani na mtu aliyekuwa akipalilia kabeji. Refa hakuona lolote. Alichosikia ni mimi nikipiga kelele "Goooli!", akaelekeza katikati. Tukashinda. Hadi leo, mtu wa Mlola akinipita barabarani hunitazama kama karo ambayo haijalipwa.

Tukasahau leseni. Kisha, muhula wa pili, Mwalimu Hoza akaingia stoo akiwa ameshika simu yake kwa mikono miwili. Kulikuwa na programu huria ya kuweka kumbukumbu za mavuno, iliyotumiwa bure na vikundi vya wakulima, na mtunzaji wake alikuwa dada mmoja aliyeitwa Upendo. Ameiona Tenga. Anaitaka. Mwalimu akaweka sauti ya juu, tukamzunguka.

"Shikamoo dada," tukasema kwa pamoja.

"Marahaba. Kazi yenu nzuri sana. Leseni yenu nimeisoma kwenye basi, abiria mwenzangu akadhani nalia."

"Ulikuwa unacheka?" nikauliza kwa matumaini.

"Mwanzoni. Halafu nikalia kweli, maana siwezi kuwachukua."

Akatueleza taratibu. Programu yake imo chini ya leseni inayosema hivi: yeyote anayepewa, anapewa yote, aitumie kwa kazi yoyote, aibadilishe, aigawe, na anayeigawa hawezi kuongeza sharti lake juu. Sisi tulikuwa na masharti matatu yanayomfungia mtu nje. Akichanganya chake na chetu, leseni yake inasema usiongeze sharti, leseni yetu inasema masharti yabaki. Hakuna namna ya kuzitii zote mbili kwa wakati mmoja. "Ni kama mnaniambia niingie ndani na nibaki nje," alisema. Tukamwambia pia kwamba tulikuwa tumeazima kipande cha msimbo cha mtu wa mbali, cha kusoma namba zilizoandikwa kwa maneno. Akakitazama papo hapo. Hicho hakikuwa na tatizo: mwenyewe alidai tu jina lake na maneno ya leseni yake vibaki pamoja na kazi yake, na hilo halimfungii mtu mlango. "Hakikisheni jina lake lipo," alisema, "kisha mshughulike na vichekesho vyenu. Toleo la masika nalifunga hivi karibuni. Msipokuwemo, nitatumia jedwali jingine la vipimo nililopewa."

"Hilo jedwali linasemaje kuhusu lumbesa?" Zaina akauliza.

Dada Upendo akajibu: "Linasema ni gunia moja."

Nilimwona Zaina akibana midomo. Kikundi cha mama yake kilikuwa kimeanza kutumia programu ya dada Upendo. Jedwali lile likiingia, kila lumbesa ambayo mama yake angeuza ingeandikwa gunia moja, kwa herufi nzuri, kwenye simu yake mwenyewe. Kichwa cha gunia kingeibwa hata kwenye kumbukumbu.

"Si jambo gumu," Mwalimu Hoza akasema. "Nafuta masharti, naweka leseni ya kawaida, tumemaliza."

"Hapana, mwalimu," dada Upendo akasema, kwa heshima kubwa. "Msimbo si wako. Walioandika ni watatu. Wote watatu wakubali, kila mmoja kwa hiari yake. Mmoja akikataa, sehemu yake inatoka."

Mimi nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Nilibaki na wawili. Wa kwanza alikuwa Athumani, ambaye muhula huo alikuwa amehamia shule ya kwao Mlola, na ambaye alijibu ujumbe wangu kwa upole wa kutisha: "Nakubali. Ila uje gulioni. Usome sharti lako kwa kipaza sauti mbele ya watu wa Mlola, halafu ulifute hapo hapo tukiona." Nikamwandikia kwamba huo ni ukatili. Akajibu, "Si lazima ukiri kitu. Usome tu." Wa pili alikuwa Zaina, aliyeketi kiti cha pembeni yangu, na huyo akasema hapana.

Siku hiyo nilimsindikiza kwao kwa lengo la kumbembeleza. Mama Zaina alitukaribisha kwa viazi vya kuchemsha, maharage mabichi na chai yenye tangawizi ya kuamsha maiti, akaniuliza kama bado napiga kelele shuleni, nikasema shikamoo, ndiyo, bado. Nje, njiani, lori la Baba Kanta lilikuwa limesimama. Mama Zaina alitoka kumfuata, nasi tulisikia kila neno kupitia mlango.

"Mama, hapa juu bado kuna nafasi. Ongeza."

"Niongeze wapi? Limekuwa jengo la ghorofa!"

"Basi ngoja wa kesho."

Kisha tukasikia karoti zikimiminwa. Zaina akaweka kikombe chini. "Umesikia? Halafu mnataka nimwandikie yule mtu kwamba anaruhusiwa kutumia kazi yangu. Kwa kazi yoyote. Karibu, baba, tumia."

"Lakini tukimzuia yeye, na mama hapati."

"Najua!" alisema, na ndipo nilipoona kwamba alikuwa anakaribia kulia. "Unadhani sijui? Masharti yenu ni utani. Langu si utani."

Nilimenya kiazi. Leo, nikiwa na uzee wangu wa kidato cha sita, naona kwamba sisi wawili tulikuwa tumeandika jambo moja kwenye faili moja kwa sababu tofauti kabisa, na kwamba yeye ndiye peke yake aliyekuwa ameelewa leseni ni nini: ni mahali unaposema unachotaka dunia iifanyie kazi yako. Kosa lilikuwa kudhani kwamba Baba Kanta angesoma faili lile, akaona haya, akazima simu. Baba Kanta hakuwahi kusoma hata kibao cha mwendo barabarani.

Kesho yake mapumziko ya uji, Zaina akamwomba Mwalimu Hoza simu. Hakutuambia anataka nini. Akasimama dirishani, kule jikoni Bi Mwantumu akikoroga sufuria, akampigia dada Upendo na kuweka sauti ya juu ili tusikie.

"Dada, shikamoo. Nina swali. Tenga ikiwa chini ya leseni yako, dalali akiitumia, akaandika lumbesa, itamwambia nini?"

"Itamwambia ulichoandika wewe. Kilo za kweli."

"Sawasawa na itakavyomwambia mama?"

"Sawasawa kabisa. Ni kitu kimoja."

"Na akimpata mjanja wa kuibadilisha, lumbesa iwe gunia moja, akawagawia madalali wenzake?"

"Anaruhusiwa kubadilisha. Ila anayempa lazima ampe na msimbo, na aonyeshe kwamba amebadilisha. Yeyote aliyeupata anaweza kuona palipochezewa na kuparudisha."

Nilimwona Zaina akitazama gunia la viazi mlangoni mwa jikoni, lile lililokonda. Kisha akacheka, Zaina, kicheko kikubwa ambacho Bi Mwantumu alikisikia hadi akageuka na mwiko mkononi.

"Basi simfukuzi," alisema. "Namkaribisha. Naomba madalali wote waitumie. Naomba sana."

Siku hiyo hiyo akakaa mbele ya Shangazi na kuandika upya sehemu yake. Zamani ukiuliza lumbesa, Tenga ilitoa kilo tu. Sasa ilikataa kuiita gunia. Ilijibu kwa mistari miwili: hili ndilo gunia, na hiki ndicho kichwa kilichozidi, kila kimoja na kilo zake, kisha jumla. Mwalimu Hoza akaeleza kwa mbwembwe kwamba kile Zaina alichotaka kukifanya kwa leseni amekifanya kwa msimbo, na kwamba hapo ndipo pake. Shangazi akazimika, walimu wakiwa wamechomeka birika. Zaina akaandika tena tangu mwanzo bila kulalamika.

Ikabaki Mlola. Nilikwenda siku ya gulio, Mwalimu Hoza akiwa ametupa ruhusa na kompyuta yake ndogo ya mkononi, Zaina akiwa shahidi. Athumani alikuwa ametutangulia kuandaa uwanja. Alikuwa ameazima meza ya muuza mitumba, akaniweka juu yake kama bidhaa, akanikabidhi kipaza sauti. Nilitazama chini: wanawake wenye vikapu vya kabeji, wazee, vijana wa timu wenyewe wamejipanga mbele, mikono kifuani. Lakini kipaza sauti kikishafika mkononi mwangu, mimi si mwenye maamuzi.

"Wazee shikamooni! Wana Mlola, mimi ni Spika!"

Wakazomea. Kuzomewa na gulio zima kuna utamu wake, sitaki kudanganya. Nikasoma sharti la kwanza, neno kwa neno, hadi "mpaka wakiri". Kelele zilizofuata zilishtua mbuzi. Mama mmoja mwenye kikapu cha mapeasi akapaza sauti, "We mtoto! Yaani kisado changu mwenyewe nikiombe ruhusa kwako?"

"Ndiyo maana nimekuja, mama! Nafuta!"

"Futa tuone!"

Athumani akainua kompyuta juu ya vichwa vya watu. Nikabonyeza. Maneno yakaondoka, herufi baada ya herufi, na gulio likaimba kila moja ilivyopotea. Kisha Athumani, muungwana, akafuta la kwake. Zaina akafuta la tatu, polepole, mwenyewe. Tukaandika jina la leseni mpya, na chini yake majina yetu matatu kwamba tumeridhia. Yule mama akanitupia peasi. Nililidaka, nikalila papo hapo juu ya meza. "Hongea!" nikamwambia, yaani asante, Kishambaa changu kizima kikiwa katika neno hilo, na vijana wa timu wakacheka kwa mara ya kwanza. Mmoja akaniuliza, "Lakini goli?" Nikamwambia nimefuta sharti, sijafuta goli.

Dada Upendo akatupokea kabla ya masika. Mimi sikuweza kuacha mambo yakawa safi kiasi hicho. Ndani ya msimbo unaweza kuacha maelezo ya pembeni, mistari ambayo kompyuta inairuka na ambayo haimlazimishi mtu chochote. Kwenye sehemu ya mafungu niliandika mstari mmoja: "Goli lilikuwa halali." Wiki iliyofuata Athumani akatuma badiliko lake, mstari mmoja chini ya wangu: "Halikuwa." Dada Upendo akayapitisha yote mawili, akaandika kwamba amekagua na hayagongani na leseni.

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiyawaza Jumamosi iliyopita, tulipomaliza kumfunika Shangazi na kumsindikiza Zaina kwao. Tulikuta lori njiani. Baba Kanta alikuwa ameongezeka tumbo, lori limeongezeka kelele. Mama Zaina alikuwa amesimama mbele ya gunia lenye kichwa, simu mkononi, akisoma kwa sauti kama mtangazaji wa taarifa ya habari: gunia hili, kichwa hiki, jumla hii. "Lipa vyote au nikate kichwa nikipeleke nyumbani," alisema. "Chagua."

"Mama, hivyo vijisimu vyenu vya kikundi vinadanganya," Baba Kanta akasema. "Mimi ninayo programu ya mjini. Ya wafanyabiashara. Ngoja nikuonyeshe."

Akatoa simu yake, kubwa, yenye kioo kama dirisha. Akaandika lumbesa kwa kidole kimoja, akiwa na uhakika, akatabasamu kutuangalia sisi watoto. Kisha akaangalia kioo. Gunia hili. Kichwa hiki. Jumla hii. Tenga ilikuwa humo pia. Akafuta, akaandika tena. Zaina alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, akimtazama. Baba Kanta akaingiza simu mfukoni, akamwambia kijana wake atoe pesa, akalipa gunia, akalipa na kichwa.

Nilijaribu kujizuia. Ukweli nilijaribu. "Goooli!" nikapiga kelele, mpaka mbwa wa jirani akaamka.

Athumani alitema kokwa la plamsi, akalitazama lori, akamtazama Zaina, akatafakari kama refa.

"Hilo, sawa," alisema. "Hilo lilikuwa halali."